Kwangu Inafanya Kazi

Simu ya kwanza Tumpale hakuipokea. Ya pili aliikata. Ya tatu aliipokea kwa sababu alimjua mdogo wake Tusekile: angepiga mpaka betri imwishie mmoja wao.

"Sema haraka, niko kazini."

"Baba yuko zahanati."

Tumpale akasimama. Kiti chake kikarudi nyuma na kugonga ukuta.

"Ameanguka kwenye mtaro pale njiapanda," Tusekile akaendelea. "Kavunjika mkono. Nimemkuta kaukumbatia mwamvuli wa Mama."

"Alifuata nini njiapanda na manyunyu haya?"

"Nimekwambia mara ngapi, dada? Kila siku ikikaribia saa tisa anatoka kwenda kumpokea Mama. Kila siku ya Mungu. Nikimzuia ananisukuma. Leo nilikuwa naanua nguo, nageuka hivi, hayupo. Hicho kidude chenu kimeharibika."

"Hakijaharibika. Kumbukumbu ya Baba nimeipima mwezi huu huu. Kwangu inafanya kazi."

"Basi njoo umchukue, akaishi huko kwako inakofanya kazi."

Tumpale alilimeza hilo. Alikuwa amelistahili, ingawa wakati ule hakujua ni kwa kiasi gani. Mara nne tangu Juni Tusekile alikuwa amempigia na malalamiko yale yale, na mara nne alikuwa amemjibu kwa maneno yale yale, akifikiri moyoni kwamba mdogo wake amechoka na kazi ya kulea mzee, anatafuta kitu cha kulaumu.

"Kakivaa sasa hivi?" akauliza.

"Si hiki hapa nyuma ya sikio."

"Kiweke sikioni mwako. Kisha sema kwa sauti, 'Mke wangu yuko wapi?' Uniambie kinajibu nini."

Kulikuwa na mkwaruzo, halafu sauti ya Tusekile ikiuliza swali kwa aibu, kama mtu anayeongea na kuku. Tumpale akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Tuse?"

"Ni Mama," Tusekile akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka chini. "Dada, ni Mama mwenyewe. Anasema, 'Baba Tumpale, nimeenda gulioni. Chai iko kwenye chupa. Nitarudi saa tisa.'"

Mama yao alikuwa amezikwa mwezi Machi. Huu ulikuwa mwezi Agosti.

*

Mnong'oni ni kitu kidogo, ukubwa wa punje ya harage, kinabandikwa nyuma ya sikio la mzee anayepotewa na kumbukumbu. Akisimama mlangoni asijue alikuwa anaenda wapi, kinamnong'oneza. Akimtazama mjukuu na jina likagoma, kinamtajia. Familia ndiyo inayorekodi maneno, kwa sauti zao wenyewe, na maneno hayo yanakaa kwenye seva ya Ushirika wa Mnong'oni, ghorofa ya pili juu ya duka la pembejeo, Mbeya mjini. Tumpale alikuwa fundi mkuu wa seva hiyo kwa miaka saba.

Alirudi kwenye meza yake na kuketi. Hakulia. Alikuwa mtu wa kutengeneza kwanza.

Programu ile iliandikwa kwa JavaScript ya upande wa seva, lugha kongwe ya kompyuta ambayo watu walikuwa wakiitabiria kifo tangu Tumpale yuko chuoni anasomea stashahada, nayo inawazika watabiri mmoja mmoja. Kila mzee ana folda yake. Folda ya mzee iko ndani ya folda ya familia, na ya familia iko ndani ya folda ya wilaya. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi programu inaamka na kutoa agizo moja: leta kumbukumbu. Haisemi iko wapi. Inataja jina la moduli tu, yaani kipande kinachotakiwa, kisha inaanza kutafuta. Kwanza kwenye folda ya mzee mwenyewe. Isipoiona, inapanda kwenye folda ya mzazi, yaani ya familia. Isipoiona huko, inapanda tena. Ikipata inachukua, haiulizi ni ya lini, wala haimwambii mtu kwamba imeitoa mbali. Ni kama mtoto uliyemtuma chumvi jikoni: akikuta kopo tupu atapita kwa jirani, na akishakuletea hutajua unakula chumvi ya nani.

Kwenye folda ya familia ndiko Tumpale alikoweka rekodi ya kwanza kabisa, ile ya siku Baba alipovishwa mnong'oni. Aliiacha pale makusudi. "Sikio la mzee lisikae tupu hata siku moja," aliwaambia wenzake, na wenzake wakampigia makofi.

Akaiamuru seva imwonyeshe kumbukumbu ya Baba inatokea wapi. Jibu likaja kwa mstari mmoja: folda ya familia.

Akaamuru vivyo hivyo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Jibu: folda ya mzee.

Programu ni ile ile, agizo ni lile lile, majibu mawili. Akakagua jina la moduli, herufi kwa herufi. Sawa. Akafungua folda ya Baba kwenye seva kuona kama kumbukumbu mpya, ile ya baada ya mazishi, ilifika. Ilikuwepo, jina lake hili hapa, limekaa mahali pake. Kwa muda akachanganyikiwa kabisa. Kitu kipo, na programu inakipita kama haikioni.

Ndipo akatazama ukubwa wake. Kumbukumbu yenye sauti huwa nzito. Hii ilikuwa na herufi thelathini na tatu.

Haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa kiashiria, kibao cha njiani tu kinachosema: unachokitafuta kiko kule. Na "kule" kulikuwa kumeandikwa kwa ukamilifu, kuanzia mlangoni mpaka chumbani: *nyumbani, tumpale, kazi, baba, kumbukumbu.* Ilikuwa njia ya ndani ya kompyuta yake yeye. Kwenye kompyuta yake nyumba hiyo ipo, na ndiyo maana kila alipopima alipata. Kwenye seva hakuna nyumba ya Tumpale. Programu ilikuwa inakifuata kibao, inakuta pori, inageuka na kupanda kwa mzazi, na huko inamkuta Mama, mzima wa afya, akijiandaa kwenda gulioni.

Na programu ilikuwa na mantiki yake. Sauti ya Mama haisikiki ndani ya nyumba, basi Mama hayupo. Sababu pekee ya Mama kutokuwepo iliyowahi kurekodiwa ilikuwa gulio. Basi kwa miezi mitano Mama alikuwa gulioni kila siku, na kila siku angerudi saa tisa.

Tumpale akaikumbuka siku aliyokiweka kile kibao. Aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mazishi, nyumbani Katumba. Ukoo ulikuwa umekaa na kujiuliza: Baba amezika kwa mkono wake, lakini jana jioni ameuliza mkewe yuko wapi, nani atakuwa anamwambia? Wajomba walitazama moto. Shangazi alitazama mkeka. Tusekile alisema yeye hawezi. Ndipo mtu fulani akasema, "Si kuna mashine?" Na watu wote pale wakashusha pumzi, Tumpale akiwa wa kwanza.

Alijifungia stoo na kompyuta juu ya gunia la mchele. Nje akina mama walikuwa wanaimba. Akarekodi kwa sauti yake mwenyewe maneno machache ya upole, kwamba Mama alifariki mwezi wa tatu na kwamba Baba alimzika kwa heshima. Mtandao ulikuwa mbovu, faili nzito ikawa inagoma kupanda. Mjomba akagonga mlango: "Umemaliza, mama? Chakula kinapoa." Akaweka kibao badala ya kitu chenyewe, ili apime haraka, akiahidi moyoni kwamba akirudi Mbeya atapandisha faili. Akapima. Ikafanya kazi. Akatoka kwenda kula.

Aliporudi Mbeya alikuta barua pepe sitini.

Na hata hivyo Baba mwenyewe alikuwa amemwambia! Hilo ndilo lililomuuma sasa. Jumapili asubuhi alikuwa akimpigia, na mzee akimjibu kwa furaha, "Mama yako katoka kidogo, kaenda gulioni. Piga jioni." Tumpale alikuwa akisema, "Haya, Baba," na kukata simu, akidhani ni uzee. Hakuwahi kupiga jioni.

*

Mkurugenzi wa ushirika, Bwana Asajile, alikuwa mtu mpole mwenye hofu ya magazeti. Alimsikiliza Tumpale akiwa amesimama dirishani.

"Pole sana, Mama Kisa," akasema. "Kwa hiyo ni baba yako tu?"

"Ningependa iwe baba yangu tu. Baada ya ile siku, kile nilichofanya kiligeuka kuwa kiolezo. Vijana wa ofisini walikinakili kila familia ilipoleta mabadiliko. Na majaribio yote yanapita kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo yote yalifaulu. Nimetafuta vibao vyote vinavyoelekea nyumbani kwangu. Viko thelathini na moja."

Asajile akageuka.

"Kuna bibi Kiwira," Tumpale akasema, "bado ananong'onezwa anywe dawa ya presha ambayo daktari aliisitisha mwezi wa tano. Amelazwa mara mbili. Huyo nimeshamrekebisha, nimempigia na mjukuu wake."

"Umempigia? Umemwambia nini?"

"Kwamba kosa ni letu."

Asajile akajifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza. Ni kazi ya dakika tano, sivyo? Unapandisha mafaili, unaondoa vibao, kesho saa kumi na mbili wanaamka wote na kumbukumbu sahihi. Familia zitasema kifaa kimepona. Nani ataumia?"

"Tisa kati yao ni misiba."

"Sijakuelewa."

"Mabadiliko tisa ni ya watu waliofariki. Wajane, mzee aliyefiwa na mtoto, bibi aliyefiwa na dada yake pacha. Nikipandisha leo, kesho saa kumi na mbili asubuhi watu tisa wataambiwa msiba na punje ya harage, wakiwa kitandani, hawajanawa hata uso. Na nyumbani hakuna atakayejua kwa nini mzee anapiga kelele."

"Lakini hayo ndiyo maneno familia zenyewe zilirekodi."

"Ndiyo. Na mimi nilirekodi. Tulikosea wote."

Mkurugenzi alikaa. Alitoa hoja zake, nazo hazikuwa za kijinga: ushirika ukifungwa, masikio mia nne yatakuwa matupu, na nani atawatajia wazee wale majina ya wajukuu wao? Tumpale alimsikiliza mpaka mwisho kama alivyozoea kumsikiliza binti yake Kisa akieleza kwa nini hakuosha vyombo.

"Ishirini na moja zilizobaki nazirekebisha sasa hivi," akasema. "Tisa nazipigia simu kesho asubuhi, moja moja. Nitawaambia tulichofanya, na kwamba kumbukumbu mpya haitaingia mpaka waniambie kuna mtu wa kukaa na mzee. Ukitaka kunifukuza, nifukuze baada ya simu ya tisa."

"Nane," Asajile akasema taratibu. "Ya tisa ni ya kwako."

*

Asubuhi alipiga simu nane. Wawili walimtukana. Mmoja alikata simu, kisha akapiga tena akilia. Mama mmoja wa Tukuyu mjini alimwambia, "Dada, ahsante. Mimi nilikuwa nadhani mume wangu amemsahau mtoto wetu kwa makusudi, nikawa namchukia." Tumpale aliweka simu chini, akachukua gari la ofisi.

Gari lilijiendesha lenyewe mpaka Kiwira, likaona tope, likatangaza kwa adabu kwamba linaomba msaada. Akashika usukani. Pande zote mbili za barabara mashine za kuchumia chai zilikuwa zinapita mistarini kama vinyozi, bila mtu.

Tusekile alikuwa uani anamenya ndizi. Hakusimama. Baba alikuwa ndani amelala, mkono umefungwa hogo la plasta.

"Umekuja kuitengeneza," Tusekile akasema.

"Ndiyo."

"Usiitengeneze."

Tumpale akavuta kigoda. "Wewe ndiye uliyenipigia simu miezi miwili."

"Nilikuwa sijaisikia." Tusekile akaweka kisu chini. "Jana nimeisikiliza mara nne baada ya Baba kulala. Na leo alfajiri. Unajua anamwambia nini akiamka? 'Amka, mzee wangu, jua lisikukute.' Anacheka, dada. Baba anaamka anacheka. Anakunywa chai anacheka. Mpaka saa nane na nusu huyu mzee ni mwenye furaha kuliko mimi na wewe."

"Na saa tisa?"

"Saa tisa ndiyo shida. Basi badilisha saa tisa." Aliinama mbele, macho yamemtoka, kumbe alikuwa amelifikiria usiku kucha. "Mfanye aseme ameenda Kyela kwa mama mdogo, atakaa siku nyingi. Asiseme atarudi lini. Sauti yake unayo, maneno unaweza kuyaunga. Si mnafanyaga hivyo?"

Aliweza. Ilikuwa kazi ndogo kuliko ile iliyoleta balaa. Tumpale akafungua kompyuta pale pale kwenye kigoda, akachukua "nimeenda" ya gulio, akachukua "Kyela" kutoka kwenye rekodi ya majina ya ndugu, akachukua "kwa mdogo wangu," akaviunga. Akampa Tusekile kipande kimoja cha kusikilizia, akabaki na kingine.

*Baba Tumpale, nimeenda Kyela kwa mdogo wangu. Usinisubiri.*

Ilikuwa sauti ya Mama, hata ile pumzi fupi aliyokuwa akiivuta kabla ya kutaja jina. Lakini Mama hakuwahi katika maisha yake kumwambia Baba "usinisubiri." Miaka arobaini na moja alikuwa anasema saa atakayorudi, na alikuwa anarudi.

Tusekile ndiye aliyekitoa kipande sikioni kwanza. Akakiweka juu ya maganda ya ndizi, akafuta kidole kwenye kanga yake.

"Futa," akasema.

Tumpale akafuta.

"Lakini ile nyingine usiifute. Ile yake ya kweli."

"Siifuti. Naitoa njiani tu. Nitaiweka kwenye simu yako, uwe unamsikiliza wewe ukijua unachosikiliza."

Tusekile akaokota kisu, akamenya ndizi moja, ya pili. "Kwa hiyo ataambiwa kila siku? Kila asubuhi anafiwa upya? Huo si ukatili?"

"Kuna ukatili. Sijapata njia isiyo na ukatili, Tuse, nimeitafuta tangu jana. Lakini mzee amezika mke wake, na sisi tumempokonya msiba wake. Hajawahi kukaa chini akalia akijua analia nini. Yeye anasimama njiapanda na mwamvuli."

"Na nani atamwambia? Mimi nilisema siwezi, na bado siwezi."

"Leo mimi."

*

Saa nane na nusu Baba alitoka chumbani. Alikuwa amevaa koti. Mkono wenye hogo aliuchomeka kifuani, na kwa mkono mzima alikuwa anapapasa nyuma ya mlango.

"Mwamvuli wa mama yenu uko wapi? Kuna manyunyu."

"Shikamoo, Baba," Tumpale akasema.

"Marahaba. Ah! Tumpale! Umekuja lini? Mama yako atafurahi, yuko njiani." Akagusa nyuma ya sikio kwa mazoea, akakuta patupu. Tumpale alikuwa amekiondoa kifaa mzee alipokuwa amelala. Uso wa mzee ukatahayari kidogo, kama wa mtu aliyekosa ngazi gizani.

Kwao msiba hausemwi kwa mtu aliyesimama, wala hausemwi na mtu aliyesimama. Mletaji anaingia, anaketi, anaomba maji. Anakunywa. Anaulizia ng'ombe, anaulizia migomba. Ndipo anasema. Tumpale alikuwa amewaona watu wazima wakifanya hivyo tangu utotoni, na hakuwahi kufanya mwenyewe hata mara moja, maana kizazi chake kilikuwa na simu, na baada ya simu kikawa na mnong'oni.

"Keti kidogo, Baba. Nami niketi."

Mzee akaketi, jicho mlangoni.

"Tuse, naomba maji."

Tusekile akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Hakuondoka. Akasimama nyuma ya kiti cha baba yake, mkono begani kwake. Tumpale akanywa yote. Yalikuwa baridi, yakamuuma meno.

"Ng'ombe wanaendeleaje, Baba?"

"Yuko mmoja. Hajambo."

"Na migomba?"

Baba aliacha kutazama mlango. Alimtazama binti yake, akakitazama kikombe kitupu, akamtazama tena, na macho yake, ambayo kwa miaka mitatu yalikuwa kama ya mtu anayesoma maandishi madogo, yakatulia kabisa. Kumbukumbu za jana zilikuwa zimemtoka. Hii ilikuwa ya zamani kuliko jana.

"Umeketi," akasema. "Umeomba maji. Umeulizia migomba. Nani amekufa?"

"Mama."

Mvua ilisikika kwenye bati. Mkono wa Tusekile ulikaza begani.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na huu ni mwezi gani?"

"Wa nane."

Akahesabu kwa vidole vinavyochomoza kwenye hogo. Vilikuwa vinamuuma, lakini alihesabu vyote. "Mlinificha?"

"Hapana, Baba. Ulikuwepo. Ulimwaga udongo kwa mkono wako. Ulisahau. Tulikubaliana mashine iwe inakukumbusha, kwa sababu sisi wenyewe tuliogopa kukwambia. Na ile mashine mimi ndiye niliyeikosesha njia. Ikawa inakwambia uongo miezi mitano, na mimi nikawa nasema kwangu inafanya kazi."

Hakujua kama ameelewa lolote kuhusu mashine. Mzee alikuwa anaitazama mikono yake.

"Nililia?" akauliza. "Siku ile?"

"Ulilia sana."

"Vizuri." Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Vizuri. Ingekuwa aibu." Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta, na sauti yake haikutetemeka. "Umechelewa, Tumpale."

"Nimechelewa, Baba."

Akalia mpaka saa kumi na nusu, kwa utaratibu, kama mtu anayefanya kazi aliyoahirishiwa muda mrefu. Tusekile alilia naye. Tumpale alichemsha chai, akaleta, ikapoa, akachemsha nyingine.

*

Jioni hiyo alipandisha kumbukumbu mpya ya Baba kwenye seva, faili lenyewe, si kibao. Alipima mara mbili kwenye kompyuta yake, kisha akapima kwenye seva, kisha akakichukua kifaa na kukiweka sikioni mwake mwenyewe. Majina ya wajukuu yalikuwepo, na jiko, na choo, na njia ya kwenda kanisani. Kuhusu Mama, aliweka sentensi moja tu, kwa sauti yake: *Baba, keti kwanza. Kuna mtu anakuja kuzungumza na wewe.* Sentensi hiyo ikitoka, simu za mabinti wote wawili zinalia.

Asajile hakumfukuza. Familia mbili zilijitoa, nyingine zikabaki. Tumpale aliomba afanyie kazi Katumba kwa muda, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumkatalia.

Siku nyingine mzee hakuuliza kitu, na hawakumwambia. Siku nyingine aliuliza mara mbili. Siku ya nne Tusekile, aliyesema hawezi, alimtangulia dada yake kuketi na kuomba maji; aliishia kwenye migomba, akakwama, na Baba akammalizia mwenyewe.

Siku ya sita manyunyu yalirudi. Ilikuwa saa nane na nusu. Tumpale alikuwa barazani na kompyuta magotini simu ilipolia, na alipoingia ndani alimkuta baba yake ameketi wima kama alivyoambiwa, mwamvuli mapajani, anasubiri.

Akaketi. Akaomba maji, akanywa. Akaulizia ng'ombe. Akaulizia migomba.

Baba akamtazama kwa macho yale yaliyotulia, akauliza aliyekufa ni nani, akaambiwa. Akauliza ni lini, akahesabu vidole. Akauliza kama alilia, akasema vizuri.

Kisha akasema, "Umechelewa, Tumpale."

Alikuwa amelisikia neno hilo mara nne sasa, na kila mara lilikuwa jipya kwa yule aliyelisema. Hakulitafutia jibu lingine.

"Nimechelewa, Baba," akasema, akauchukua mwamvuli mapajani mwake taratibu, akamimina chai.